Mita Inakula Umeme: Kosa Langu la Bukundi na Historia Yake

Najua nimeadimika, na kuna wanaouliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo! Tangu turudi TP mambo yamekuwa mengi, majaribio yamebanana na bumu lenyewe limeisha mapema kama kawaida yake. Lakini niliahidi kuwaletea habari za Bukundi, na ahadi ni deni. Mlitegemea niandike habari za mbu na ugali wa mtama. Hizo zitakuja. Leo nataka kuandika habari ya X moja niliyoiweka kwa wino mwekundu kwenye daftari la mwanafunzi, na jinsi hiyo X ilivyonipeleka maktaba kusoma mambo ya miaka karibu mia mbili iliyopita.

Kwa wasiopajua, Bukundi ni kata ya wilaya ya Meatu. Wazee bado wakitaja huko wanasema Shinyanga, ila tangu 2012 ni mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, pamba na ng'ombe, na mito ambayo kiangazi inabaki mchanga mtupu. Asubuhi unapita njiani unasema "mwangaluka" kwa kila mtu mpaka mdomo unachoka. Mimi nilipangiwa fizikia, kidato cha tatu na cha nne.

Sasa siku hiyo nilikuwa na kipindi cha rezista zilizounganishwa kwa mfululizo. Zile rezista za koili za maabara, omu 2, omu 5, nyingi zilikuwa zimekatika. Nikaona isiwe tabu, nikaenda kwa fundi simu pale senta, akanifungulia redio mbovu na kunipa rezista ndogo ndogo za omu 10,000. Nikarudi kifua mbele. Nikawaambia wanafunzi: chukueni mbili zilizo sawa, ziungeni mfululizo kwenye betri nne, yaani volti 6, halafu pimeni volti kwenye kila rezista. Na kwa kiherehere changu nikawaambia kabisa na jibu: rezista zikiwa sawa umeme unagawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo mtapata 3 na 3. Saketi ya namna hiyo ndiyo inaitwa kigawa volti.

Mita ilikuwa moja, ile ya sindano, yenye tundu moja jeusi na mawili mekundu. Ukichomeka jekundu la kwanza inasoma mpaka volti 3, ukichomeka la pili inasoma mpaka 15. Wakapokezana. Jioni nikasahihisha madaftari. 3.0, 3.0, 3.0, mwingine 2.9 na 3.1 ili kunogesha. Vema, vema, vema. Nikafika kwa binti mmoja wa nyuma kabisa, mkimya, yeye ameandika hivi: rezista ya kwanza 1.1, ya pili 1.1. Nikihamisha waya kwenye tundu la 15 inasoma 2.2. Nikijumlisha hazifiki 6. Zilizobaki zimeenda wapi?

Nikaweka X. Nikaandika: "Kaza waya vizuri, rudia."

Usiku sikupata usingizi vizuri, sijui kwa nini, labda lile swali la mwisho. Kesho yake nikaingia maabara peke yangu. Nikaunga, nikakaza waya mpaka vidole vikauma. Sindano ikasimama pale pale, 1.1. Tundu la 15: 2.2. Yaani saketi ileile, mita ileile, nabadilisha tundu tu na jibu linabadilika! Nikahisi jasho. Nikabeba vitu vyote kwenye mfuko wa rambo mpaka kwa fundi.

Fundi akachukua ile multimita yake ya njano, ile ya bei rahisi ambayo kila fundi wa redio anayo. Betri zote nne: 6.00. Rezista moja: 2.98. Akaitazama mita yangu ya sindano, akacheka. "Ticha, hiyo mita yako inakula umeme. Wewe unapima, yenyewe inakula."

Basi bwana, digrii yangu ya miaka mitatu imefupishwa kwa sentensi moja na mtu aliyekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.

Ngoja niwaeleze wale wa historia na Kiswahili, msikimbie. Mita ya sindano ina koili ndani, na koili haizunguki bure, inataka umeme upite. Mita yangu kwenye uso wake kwa herufi ndogo sana imeandikwa omu 1,000 kwa kila volti. Maana yake kwenye tundu la 3 ni rezista ya omu 3,000, na kwenye tundu la 15 ni omu 15,000. Ukiishikiza kwenye rezista ya omu 10,000 umefungulia umeme njia ya pili ya kupita, tena ile ya omu 3,000 ni nyepesi kuliko ya kwanza. Mgawanyo wa nusu kwa nusu umekufa saa ileile unapogusa. Ni kama kuonja mchuzi kwa upawa. Kwenye sufuria ya shughuli hakuna atakayejua. Kwenye kisufuria cha mtu mmoja, upawa huohuo, umemlia mtu chakula chake. Zile rezista za omu 5 za maabara ndiyo sufuria ya shughuli, mita ikionja pale haionekani kabisa, na ndiyo maana nimepita sekondari yote sijawahi kuona kitu hiki. Rezista za redio ndizo zilizoniumbua.

Lakini wadau, kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni kwamba darasa zima halikuona 3.0. Haikuwezekana waione! Walipika data kwa sababu mwalimu alishawaambia jibu, na mimi nikawapa vema. Aliyeandika alichokiona ndiye niliyempa X. Na tusidanganyane hapa, nani kati yetu hajawahi kupika data? Mimi kidato cha sita nilikuwa mpishi mkuu.

Niliporudi chuoni nikaingia maktaba nikitaka kujua nani wa kwanza aliligundua jambo hili. Nikakuta mtu wa kwanza kuumia ni Ohm mwenyewe, huyu wa sheria tunayoikariri.

Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari kule Cologne, Ujerumani. Mwalimu kama sisi, anafundisha hesabu na fizikia, na jioni anachezea vifaa vya shule. Alitaka kujua urefu wa waya unapunguza vipi nguvu ya umeme. Mwaka 1825 akachapisha matokeo, na fomula aliyotoa ina logariti ndani yake. Ilikuwa si sahihi. Betri za wakati ule zilikuwa zinachoka haraka, ukizitwisha waya nguvu yake inashuka ukiwa bado unasoma namba. Mhariri wa jarida kubwa la fizikia la Ujerumani, Johann Christian Poggendorff, akamshauri aachane na betri atumie kifaa alichokuwa amekigundua Seebeck mwaka 1821, metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja wa moto na mwingine wa baridi. Ohm akaweka upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Umeme mdogo sana, lakini umetulia. Mwaka 1826 akapata fomula nyingine, nayo akaichapisha, ya mwaka uliotangulia akaiacha.

Fomula yenyewe si ile V=IR ya ubaoni. Ilikuwa X = a/(b+x). Nguvu inayosukuma ni a, waya unaoupima ni x, na b ni ukinzani wa sehemu nyingine yote ya saketi. Hiyo b ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kiti cha maktaba nikisoma mstari mmoja mara tano. Tunapofundisha kidato cha tatu tunaifuta b ili mambo yawe mepesi. Ohm hakuifuta. Kwake hukuweza kuongelea waya mmoja bila kutaja vingine vyote vilivyoungwa nao. Yule binti aliuliza zilizobaki zimeenda wapi, na jibu lipo kwenye herufi tuliyoifuta sisi walimu.

Kitabu chake kikatoka 1827 na Wajerumani wengi wakakipokea kwa ubaridi, akaacha kazi yake pale Cologne. Heshima ilikuja kutoka nje, medali ya Copley ya Royal Society ya London, mwaka 1841. Na mwaka huohuo 1841 yule mhariri Poggendorff naye akatoa dawa ya ugonjwa wa mita inayokula.

Dawa yake ni hii. Badala ya kuuacha umeme unaoupima usukume sindano, tafuta umeme mwingine unaoweza kuuongeza na kuupunguza, uuelekeze dhidi ya ule wa kwanza. Ni kama kuvuta kamba, pande mbili zikiwa na nguvu sawa kamba haiendi popote. Sindano ikisimama kwenye sifuri ujue umeme hautoki wala hauingii, na kama hakuna unaopita basi hakuna kinacholiwa. Unasoma ile nguvu uliyoiweka wewe na hiyo ndiyo jibu. Wale wa PCM na PCB mmeshatambua, ni potenshiomita! Ule waya wa mita moja uliolazwa kwenye rula, unaburuza kile kisu juu yake mpaka sindano inatulia. Na ukiutazama vizuri, ule waya wenyewe ni kigawa volti, unagawa volti kwa urefu.

Kidato cha sita niliandika kwenye mtihani kwamba potenshiomita ni bora kuliko voltimita kwa sababu haichukui umeme inapofika kwenye mlingano. Nilikuwa nimeikariri kutoka kwenye desa, neno kwa neno. Nikapata alama. Miaka mitatu baadaye jambo lilelile likasimama mbele yangu Bukundi nikaliwekea X.

Baada ya hapo kuna watu wawili nitawapitia haraka, ingawa hesabu yao ndiyo tamu kuliko zote. Mwaka 1853 Hermann von Helmholtz, aliyekuwa anashughulika na umeme wa misuli ya wanyama, alionyesha kwamba mkorogo wowote wa betri na rezista, ukiutazama kutoka kwenye ncha mbili, ni sawa na betri moja yenye rezista moja nyuma yake. Watu hawakulitilia maanani. Miaka 30 baadaye, 1883, Léon Thévenin, mhandisi wa telegrafu Ufaransa, akalifikia jambo hilohilo kivyake, na leo linaitwa kwa jina lake. Chukua saketi yangu ya Bukundi: kwa macho ya Thévenin ni betri ya volti 3 yenye omu 5,000 nyuma yake, basi. Weka mita ya omu 3,000, volti 3 zinagawanywa kwa nane, mita inapata sehemu tatu, ni 1.125. Weka ya 15,000, inapata sehemu tatu kati ya nne, ni 2.25. Namba za yule binti ndizo hizo hizo. Hakukosea hata kidogo, alisoma vizuri kuliko mimi.

Kwa nini mtu wa telegrafu? Kwa sababu huko ndiko kosa hili lilikuwa linagharimu hela, na hapa hadithi inafika kwetu pwani. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa na Wazulu pale Isandlwana. Habari zilifika London tarehe 11 Februari, karibu wiki tatu. Serikali ya kule ikaona haiwezekani, na kabla mwaka haujaisha, Desemba 1879, waya wa telegrafu ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Durban, Delagoa Bay ambako leo ni Maputo, Msumbiji, Zanzibar, hadi Aden. Kwa hiyo Zanzibar ya Sultani Barghash ilikuwa inaongea na Ulaya kwa waya wakati bara bado ujumbe unabebwa kwa miguu na misafara.

Waya wa chini ya bahari ukikatika au ukivuja huwezi kwenda kuuangalia. Fundi anakaa nchi kavu, anapima ukinzani wa waya mpaka pale penye kasoro, anapiga hesabu ni maili ngapi, halafu meli inatumwa ikakamate waya kwa ndoana. Kifaa chake kikiwa kinakula na yeye hajakihesabu, meli inavua bahari tupu. Ndiyo maana watu wa nyaya walizipenda sana njia za sifuri, za kina Poggendorff na Wheatstone. Na kati yao walikuwepo William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, na Cromwell Varley, wote wa waya wa Atlantiki. Kuna kigawa volti ambacho mpaka leo kinaitwa Kelvin-Varley, na nikikielewa vizuri nadhani ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyosoma semista hii.

Wanataka kugawa volti katika sehemu kumi, halafu sehemu moja waigawe tena katika kumi. Ukiunga safu ya pili kwenye safu ya kwanza, ya pili inakula ya kwanza, mgawanyo unaharibika. Wao wakafanya hivi: safu ya kwanza wakaweka rezista 11 badala ya 10. Safu ya pili nzima wakaifanya iwe na ukinzani sawa na rezista mbili za safu ya kwanza, na kila mara inaunganishwa kukumbatia mbili. Mbili zikiwa sambamba na mbili, ukinzani wake unakuwa wa moja. Kwa hiyo zile 11 zinafanya kazi kama 10 zilizo sawa kabisa, popote utakapoihamishia. Hawakumfukuza mlaji. Walijua atakuja, wakamwekea sahani yake mapema. (Jengo la simu za nje la pale Shangani, Mji Mkongwe, siku hizi ni hoteli ya kitalii. Nikipata hela ya boti nitaenda kulitazama kwa nje tu, chai ya mle ndani sijui bei yake na sitaki kujua.)

Ila dunia haikuwa na subira ya kutafuta sifuri kila siku. Mwaka 1888 Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, alileta mita ya koili inayobebeka, unagusa unasoma, na babu wa mita ya shule zetu ndiye huyo. Watu wakarudi kwenye kula, kwa sababu ni haraka. Kilichobaki ni kupunguza mlo. Mwaka 1923 Donald Macadie, mhandisi wa posta ya Uingereza aliyechoka kubeba mita tatu, alizichanganya kwenye sanduku moja, ndiyo Avometer. Ile AVO 8 ya kuanzia 1951 ilikuwa omu 20,000 kwa kila volti, mara ishirini ya mita yangu. Kwenye kipimo cha volti 10 ingesoma saketi yangu kama 2.93. Zikaja za vali, zikaja za transista, zikaja za namba. Multimita nzuri za leo zina omu milioni 10. Ile ya njano ya fundi wetu ina omu milioni 1, na ukipiga hesabu ya Thévenin unapata 2.985.

Turudi Bukundi, maana sijasema nilifanyaje.

Siku mbili baada ya ile X niliazima multimita ya fundi, nikaingia darasani na vifaa vyangu. Nikawaambia ukweli, kwamba majibu niliyoyapa vema hayakuwa yameonekana na mtu yeyote, na jibu nililolipa X ndilo lililoonekana. Darasa likawa kimya sana, wengine wanaangalia chini. Sikumwadhibu mtu, ningeanzaje? Nikarudia mbele yao, 1.1, halafu 2.2, halafu nikatoa ile ya njano. Nikamwita yule binti asome. Akainama.

"Mbili pointi tisa nane, mwalimu."

Nikaanza kueleza mambo ya mita ya zamani na mita ya kisasa, akanyoosha mkono. "Lakini mwalimu, bado haijafika tatu. Na hii nayo inakula?"

Nikasema inawezekana, au inawezekana rezista zenyewe haziko sawa sawa, maana zimetengenezwa kiwandani na huwa zinapishana kidogo. Akasema basi tuweke rezista kubwa zaidi, kama inakula tutaiona. Jamani! Hilo ni wazo la binti wa kidato cha tatu, mimi sikuwa nalo. Kwa bahati kwenye mfuko wa fundi zilikuwepo mbili za omu milioni 1. Tukaunga. Betri ileile, 6.00. Kwa mujibu wa ubao, nusu ni 3. Akagusa nyaya, namba zikacheza kidogo zikatulia.

1.99.

Darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani. Yeye aliandika kwenye daftari kwanza, ndiyo akaniangalia. "Inakula, mwalimu. Hii inakula kidogo kuliko ile." Halafu, "Hakuna mita isiyokula kabisa?"

Nikamwambia ipo njia, inaitwa potenshiomita, utaikuta kidato cha sita. Akauliza kwa nini mpaka kidato cha sita. Nikakosa jibu. Jumamosi nikaenda tena kwa fundi, kuulizia kama ana waya wa jiko bovu la umeme, angalau mita moja, usio na viungo.